Mhariri, injinia akihamia kwoliti hajawa karani

Mhariri, habari za kazi. Mi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalichukua pale Tabata Relini asubuhi nikiwa na chenji, ila kuandika hii ni mara ya kwanza kwahiyo mnivumilie, nitaandika kama ninavyoongea.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha harusi Kimara. Kikao kilitangazwa saa 10 jioni, tukaanza saa 12 na nusu kama kawaida yetu, sasa wakati tunamsubiri mwenyekiti watu wakawa wanaulizana habari za kazi na maisha. Baba mdogo wangu, ambaye ndo aliyenilipia ada baada ya mzee kufariki, akaniuliza mbele za watu wote, eti siku hizi huko kiwandani unafanya nini hasa? Nikamwambia nipo idara ya ubora, kwoliti. Akanyamaza kidogo, akamgeukia shemeji yake akasema "huyu tumemsomesha Mlimani miaka minne uinjinia wa mashine, leo amekuwa karani wa kukagua vifuniko." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, nikaahidi mchango wangu, nikanywa soda, ila niliporudi nyumbani usingizi ulichelewa.

Baba mdogo shikamoo, najua gazeti hili unalisoma kuanzia ukurasa wa michezo kurudi mbele. Mbele za watu siwezi kukujibu, wewe ni baba yangu, kwahiyo naomba nikujibu kwa njia hii, na najua sio wewe peke yako, maana kila mwezi ananipigia dogo mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu pale Mlimani au DIT, ile taasisi ya teknolojia, ananiuliza "bro, nimepewa nafasi ya kwoliti, nikubali au nisubiri ya uinjinia?" kana kwamba ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ngoja nianze na ilivyonitokea mimi. Nilianza kazi kiwanda kimoja cha mabomba ya plastiki, barabara ya Pugu kule, jina tuliache. Nilikuwa injinia wa laini, kazi yangu mashine zizunguke. Na niseme ukweli nilikuwa naipenda ile kazi kwa sababu ya sifa. Mashine ikifa saa 8 usiku napigiwa mimi, nakuja na bodaboda, navaa ovaroli, nazama chini, natoka na grisi mpaka kwenye nyusi, mashine inawaka, mafundi wanapiga makofi, bosi asubuhi ananiita jembe. Hicho kitu kina utamu wake asikudanganye mtu.

Sasa pale tulikuwa na bomba la milimita 110, lile mtaani wanaita la inchi 4. Ukuta wa bomba unene wake haukutakiwa kushuka chini ya milimita 3.2, tukawa tunalenga 3.4 ili tuwe salama. Opereta akikata bomba anapima kwa venia, kile kifaa cha mkononi cha kupimia unene, akikuta 3.3 ananiita, napunguza kidogo mwendo wa mashine inayovuta bomba ili ukuta unenepe. Bomba linalofuata linasoma 3.55. Naongeza mwendo. Linalofuata 3.25. Napunguza tena. Shifti nzima nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi kwenye ile swichi kama konda anayegombana na chenji, na kila siku tulikuwa na rundo la mabomba mabovu ya kusaga upya, na mimi naondoka nimechoka nikiamini nimefanya kazi kubwa. Alafu kwa sababu tulikuwa tunaogopa kushuka chini ya 3.2, taratibu wastani wetu ulipanda ukafika kama 3.5, maana afadhali linenepe kuliko lipasuke kwa mteja.

Idara ya kwoliti alikuwepo mama mmoja mtu mzima, wote tulimwita Shangazi. Hana digrii, alianza kiwandani kama mfungaji. Alikuwa na daftari la mistari la kawaida, lile la kurasa 96, humo ndani amechora mistari mitatu ya kulala kwa rula na nukta nyingi za kalamu. Mi nilikuwa naona anachezea muda. Siku moja asubuhi akanifuata akaniambia, "Mwanangu, hii mashine haiumwi, wewe ndo unaisumbua. Leo usiiguse mpaka nikuambie." Nikamwangalia. Injinia mimi! Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka, na meneja alikuwa amesafiri, nikasema haya.

Tukawa tunapima mabomba matano kila nusu saa, anatafuta wastani wa hayo matano, anaweka nukta. Bomba la kwanza likasoma 3.36, mkono wangu ukawasha, nikauweka mfukoni. Saa nne ikafika tukaenda chai na chapati, tukarudi, mashine ipo vilevile haijaguswa. Mpaka shifti inaisha mabomba yote tuliyopima yalikuwa kati ya 3.32 na 3.48. Wiki iliyopita yake, mimi nikiwa nairekebisha kwa bidii zangu zote, yalikuwa yanacheza kuanzia 3.15 mpaka 3.65. Yaani yale matatizo niliyokuwa napigana nayo kila siku, nusu yake nilikuwa nayazalisha mwenyewe.

Nilisoma baadae kwamba hii kitu inajulikana kihesabu kabisa. Kila mchakato una kuyumba kwake kwa asili, plastiki haiji na joto lilelile, umeme unapanda na kushuka, venia nayo ina mkono wa anayeishika. Ukikimbizana na kila kipimo ukarekebisha mashine kwa kadiri kilivyokosea, unachukua kuyumba kwa bomba la jana unalibebesha bomba la leo, na ule mtawanyiko ukiupima kwa variansi (unachukua umbali wa kila kipimo kutoka kwenye wastani, unauzidisha kwa wenyewe, unatafuta wastani wake) unakuwa mara mbili ya ambao ungekuwepo kama ungekaa kimya. Ile mistari ya Shangazi ya juu na ya chini ndo mipaka ya huko kuyumba kwa kawaida, inawekwa mbali na wastani kwa mara tatu ya mchepuko sanifu wa zile nukta, yaani kipeo cha pili cha hiyo variansi, kiasi kwamba mambo yakiwa sawa kama nukta 997 kati ya 1000 zitaangukia ndani. Nukta ikitoka nje ya mstari, au nukta nane zikajipanga upande mmoja wa wastani, hapo ndo kuna kitu, hapo ndo uje na spana zako. Tofauti na hapo kaa ukanywe chai.

Na faida yake sio maneno. Tulipoacha kuisumbua mashine tukaweza kushusha wastani kutoka ile 3.5 kurudi 3.4 bila hofu. Milimita sifuri nukta moja, ukucha tu. Lakini ni karibu asilimia 3 ya malighafi, kwenye kila tani 100 za plastiki unabakiwa na kama tani 3 ulizokuwa unampa mteja bure na wala hakushukuru. Ukarabati wangu wote wa usiku kwa mwaka mzima sidhani kama uliwahi kumuokolea bosi hela ya namna hiyo.

Basi hapo ndo akili yangu ilipogeuka. Miezi minne baadae nafasi ilitoka kwoliti, nikaomba.

Baba mdogo, kuhusu huo ukarani. Ile chati ya Shangazi haikutungwa na karani. Aliyeichora mara ya kwanza ni Walter Shewhart, mwanafizikia aliyekuwa anafanya kazi kwa mainjinia wa simu kule Marekani, Mei 16, 1924, kwenye karatasi moja tu aliyomwandikia bosi wake. W. Edwards Deming, huyu aliyeenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha mainjinia na mabosi wa viwanda mpaka Wajapani wakaanzisha tuzo kwa jina lake mwaka uliofuata, shahada yake ya kwanza ilikuwa uinjinia wa umeme, mwaka 1921. Joseph Juran naye uinjinia wa umeme, alipomaliza tu 1924 akapelekwa idara ya ukaguzi kiwanda cha simu cha Hawthorne karibu na Chicago, na ubora ndo uliokuja kumpa jina. Kaoru Ishikawa, aliyetupa ule mchoro wa mifupa ya samaki wa kutafutia chanzo cha tatizo, alisomea kemia ya viwandani Chuo Kikuu cha Tokyo. Kwahiyo hii njia niliyoshika mimi ilipitiwa na wakubwa zamani sana, sema huku kwetu bado tunaiona kama ni mahali pa kumpumzisha mtu aliyeshindwa mashine.

Ila nisiwadanganye vijana, kuhama kuna maumivu na hakuna anayekuambia. La kwanza ovataimu. Mshahara ulibaki uleule lakini zile simu za usiku zilikata na hela yake ikakata, mwezi wa kwanza mke wangu alidhani nina nyumba ndogo. La pili, na hili ndo liliniuma zaidi, watu wananyamaza ukifika. Jana ulikuwa unakula ugali na mafundi sinia moja, leo umevaa koti jeupe, unaingia laini mtu anapiga mluzi, yaani QC huyo, mkaguzi wa ubora kaja, na rundo la mabomba mabovu linafunikwa na turubai haraka haraka. Mafundi niliowafundisha mimi mwenyewe kufunga beringi! Ilinichukua kama mwaka kuelewa kwamba walikuwa wananificha kwa sababu kila kosa lililoandikwa na idara yetu liliishia kwenye kukatwa mshahara. Nikaenda kwa meneja nikamwambia hivi tunataka kujua ukweli au tunataka kukata hela, maana vyote viwili hatuvipati. Tulibishana sana. Mwisho alikubali tujaribu miezi mitatu bila kukata mtu. Mwezi wa kwanza makosa yaliyoripotiwa yakapanda karibu mara tatu, akanipigia anafoka, nikamwambia bosi makosa hayajaongezeka, ndo kwanza unayaona.

La tatu ni lile la mkono kuwasha. Injinia ukikuta kitu kimeharibika unataka ukitengeneze, ndo malezi yetu. Kwenye ubora ukikitengeneza mwenyewe umefeli, maana kesho kitaharibika tena na utaitwa wewe tena. Kazi ni kukaa na opereta mkaulizana kwa nini, na jibu likija mkaulizana tena kwa nini, mpaka mfike pahala ambapo ukirekebisha hapo hamtarudi. Tulikuwa na bomba zinapasuka mdomoni. Kwa nini, zimekauka sana. Kwa nini, joto la tanuri la kupanulia mdomo limezidi. Kwa nini, saa ya joto inasoma chini ya ukweli. Kwa nini, haijapelekwa kupimwa usahihi wake miaka miwili. Kwa nini, aliyekuwa anaifuatilia aliacha kazi na hakuna aliyekabidhiwa. Haya niambie, kwenye hayo yote spana inaingia wapi? Lakini bila kujua tanuri linafanyaje kazi usingefika hata swali la tatu, na hapo ndo uinjinia wangu ulipo, baba.

Sasa nije kwenye aibu yetu, maana baba mdogo hajatoa yale maneno hewani. Viwanda vingi vya hapa mjini vimeifanya kwoliti iwe kazi ya mafaili kweli. Nimewahi kufanya kazi sehemu nyingine, siitaji, ambapo wiki ya kuja mkaguzi wa cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, ilikuwa kama wiki ya mtihani wa taifa. Usiku wa kuamkia ukaguzi tulikaa watu sita chumba cha mikutano, tumeagiziwa chipsi kuku, tunasaini fomu za usafi na ukaguzi za miezi mitatu nyuma. Tulinunua kalamu za rangi tofauti ili ionekane imesainiwa siku tofauti. Nilisaini na mimi, siwezi kujificha. Asubuhi mkaguzi akaja, baba mtu mzima mpole, akafungua faili, akapitisha kidole, akauliza kwa upole sana kama anaweza kupata kalenda ya mwaka ule. Akaangalia. Kumbe tulikuwa tumesaini ukaguzi wa asubuhi, mchana na jioni wa siku ya Idd, kiwanda kimefungwa, hata mlinzi alikuwa kwenye pilau. Hakusema kitu, aliandika tu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Na kinachouma ni kwamba hicho kiwango chenyewe wala hakitaki hayo. ISO 9001 ilitoka mara ya kwanza 1987, ikarekebishwa 1994, 2000, 2008 na 2015, na kadiri miaka inavyoenda imekuwa ikipunguza makaratasi. Toleo la 2015 liliondoa hata sharti la kuwa na kile kitabu kikubwa cha mwongozo wa ubora, na sharti la kuteua mwakilishi mmoja wa menejimenti, yule ambaye kila kitu kikiharibika anaambiwa si wewe ndo ISO? Kifungu cha 5 kinamtaka bosi mkuu mwenyewe ndo awajibike mfumo ufanye kazi. Lakini nenda kiwandani leo uone, kitabu kipo kwenye kabati la kioo kimefungwa kwa ufunguo, na mwakilishi yupo na anaumwa presha.

Kitu kingine nakiona kila mahali na sijui kwa nini hatukisemi. Maelekezo ya kazi yamebandikwa ukutani kwa Kiingereza! Mashine imetoka nje, kitabu chake Kiingereza, injinia kanakili Kiingereza kwa sababu ndo alivyosoma, kabandika, kasaini, kapiga mhuri. Opereta kamaliza darasa la saba au kidato cha nne, anaongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku, kile kibandiko kwake ni pambo. Kiwango kinataka maelekezo yawepo pale yanapohitajika na yafae kwa matumizi, hakuna mahali kimeandika lugha lazima iwe ya Malkia. Nilipofika sehemu niliyopo sasa tulivitoa vyote. Tukakaa na maopereta wenyewe, wanasema wao, mi naandika. Kile kilichokuwa aya nne kikawa mistari mitano, "ukiona moshi mweupe mdomoni mwa mashine, usiongeze moto, mwite fundi", na picha moja iliyopigwa na simu. Opereta mmoja alikuja kuniambia, miaka saba yupo pale hakuwahi kujua ile karatasi ilikuwa inamwambia yeye. Mmeyaona yale mabango ya S tano, ile mbinu ya kupanga sehemu ya kazi, kwenye hospitali zetu, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia? Chanzo chake Japani, lakini mtu alikaa akatafuta maneno ya Kiswahili yanayoanza na S hiyohiyo mpaka yakatimia tano. Huyo aliyekaa akafanya hiyo kazi namheshimu kuliko wenye vyeti kumi.

Na tukifika kwenye vyeti, vijana sikilizeni hapa. Naona mtu hajawahi kushika venia ameshalipia kozi ya siku 5 ya kuwa mkaguzi mkuu wa mifumo ya ubora, ameshachukua na ule mkanda mweusi wa Six Sigma (mbinu ya kupunguza kasoro, ngazi zake wanaziita mikanda) kwa wikendi mbili kwenye simu, anaandika kwenye CV kama mcheza karate. Sikatai kozi, mi mwenyewe ile ya siku 5 nimeifanya na ilinisaidia kujua namna ya kuuliza bila kumtisha mtu. Lakini angalieni wenyewe wanavyotaka. Kile cheti cha injinia wa ubora cha ASQ, chama cha watu wa ubora cha Marekani, kinataka uzoefu wa miaka 8, mitatu kati yake uwe kwenye nafasi ya kuamua mambo, digrii inakupunguzia minne tu. Maana yake wanajua hii kazi haisomwi kitini. Hata hiyo Six Sigma ilianzia kwa mainjinia wa Motorola mwaka 1986, watu waliokuwa wanahangaika na makosa ya vifaa vyao wenyewe, lengo likawa kasoro zisizidi 3.4 kwenye kila nafasi milioni za kukosea. Walianza na tatizo, mikanda ikaja baadae.

Kama upo chuoni, lile somo la takwimu ambalo wote tunalisoma ili tupite tu, lisome kweli. Mi nililipata kwa C na nimelirudia ukubwani nikiwa na watoto wawili, usiku, baada ya taarifa ya habari. Na ukiajiriwa omba laini kwanza, kaa hata miaka miwili mitatu uchafuke, ndo uhame. Ukija kwoliti moja kwa moja kutoka darasani mafundi watakudanganya mchana kweupe na utaandika.

Waajiri nao nawaomba jambo moja tu. Mtu wa ubora apewe mamlaka ya kusimamisha laini. Kama anaweza kuona bomba bovu, akaandika ripoti, akaipeleka kwa meneja uzalishaji ambaye bonasi yake inategemea idadi ya mabomba, basi hapo kweli mmeajiri karani na baba mdogo yupo sahihi. Rafiki yangu mmoja injinia wa majengo ananiambia kwao ni vilevile. Michemraba ya zege ya sentimita 15 inapelekwa maabara, inavunjwa siku ya 7 kupata picha, alafu siku ya 28 ndo jibu lenyewe, sasa siku ya 28 jibu linakuja zege ni dhaifu na ghorofa la juu yake limeshamwagwa na dari linapigwa plasta. Aliyekagua alikagua vizuri kabisa. Ila kilichohitajika kilikuwa mtu wa kusimama pale kwenye mashine ya kuchanganyia siku ile ya kwanza, ahesabu ndoo za maji, akiona zimezidi aseme simamisha, na ikasimama kweli.

Nimeandika ndefu, mhariri mtanikata mnapopenda.

Nilitaka kuishia hapo, ila jana baba mdogo kanipigia mwenyewe. Anajenga Goba, anataka kununua nondo za milimita 12, kuna duka zinauzwa rahisi kuliko mengine yote na moyo wake unasita. Hakugusia habari za kikao. Akaniuliza tu, hivi nyie watu wa kwoliti mnajuaje kama hii nondo ni 12 kweli au ni 11 imevaa jina la 12, maana kwa macho zinafanana? Nikamwambia baba, achana na kupima upana, ile mikunjo ya pembeni itakudanganya. Tunaipima uzito. Kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo za kila mita. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe karibu kilo 10 na nusu na kidogo, ile ya 11 itakuja kama 9, na kilo moja na nusu mizani yoyote inaiona. Akaniuliza mizani atapata wapi. Pale Goba njia panda kuna kijana ananunua vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza, tumpe buku mbili atatuazima. Ila kwanza tuijaribu na mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, tuone kama yenyewe inasema ukweli.

Akacheka. Jumamosi saa 3 asubuhi nipo Goba.

Wenu,
Injinia wa kwoliti,
Tabata, Dar es Salaam